Gharama ya Meno ya Mzee Ogwang

Nimestaafu majira haya ya kuchipua, na Salma, ambaye sasa ana ufunguo wa kabati langu, ameniomba niwaandikie ninyi wauguzi wa meno vijana mambo ambayo hayafundishwi shuleni. Aliniomba kwa Kiswidi, kama anavyomjibu mama yake. Mimi naandika kwa Kiswahili. Mkikwama, waulizeni wazazi wenu. Huenda mkazungumza nao jioni nzima, na hiyo itakuwa faida tosha. Kiswahili changu mtakivumilia. Nilikipata katika kambi ya jeshi huko Jinja, ambako baba yangu, mtu wa Arua, alikuwa fundi wa magari, na Kiswahili cha kambini kinajua kuamrisha kuliko kuomba. Majirani zangu Watanzania wa Rågsved, mtaa wetu hapa Stockholm, wamekipiga pasi kwa miaka mingi, ila mikunjo mingine haitoki.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mdomo wa mtu. Ilikuwa kliniki ndogo kule Hagsätra, mwisho wa laini ya kijani ya treni, na mimi nilikuwa mkimbizi mwenye cheti cha uuguzi ambacho hapa walikitazama kama picha ya harusi ya watu wasiowajua. Nikapewa chumba cha kuoshea vifaa. Nilisugua, nikapanga, nikafunga kwenye mifuko, nikaingiza kwenye mtungi wa mvuke. Mikono ilinuka dawa hata nikila. Aliyenitoa mle chumbani ni Gun-Britt, muuguzi mkuu, mwanamke mrefu wa kaskazini ambaye hakucheka kabla ya saa ya kahawa. Siku moja alisimama mlangoni akanitazama nikipanga koleo, akasema, "Wewe unazipanga kama mtu atakayezihitaji." Kesho yake nilikuwa kando ya kiti cha mgonjwa, nimeshika mrija wa kufyonza mate.

Gun-Britt alinifundisha kazi yote. Alinifundisha kupasha kioo moto kwa maji ya uvuguvugu ili kisishike ukungu mdomoni. Alinifundisha kumpa daktari kifaa kwa chini ya kidevu cha mgonjwa, si mbele ya macho yake, kwa sababu hakuna anayehitaji kuiona sindano ikisafiri. Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikaiota: kabla ya chuma, neno. Mwambie mtu kitakachomgusa kabla hakijamgusa. Wengi wanaoogopa daktari wa meno, alisema, hawaogopi maumivu, wanaogopa kushtukizwa. Alipostaafu alirudi kwao, tukaandikiana kadi kila Krismasi, ingawa mimi ni Mwislamu na yeye hakuamini chochote, hadi mwaka mmoja kadi yangu ikanirudia.

Baadaye nilisoma, nikapata cheti ambacho waliweza kukisoma, nikahamia kliniki inayopandikiza meno ya kudumu. Ndiko mlikonikuta. Daktari wetu, Annika, ana mikono midogo na subira ya mshonaji. Mwanzoni nilimsaidia kwenye upasuaji tu. Kisha akagundua kwamba wagonjwa, hasa wageni, walikuwa wakitoka kwake wakitikisa kichwa kwa kukubali, halafu wananikamata mimi kwenye korido na kuuliza, "Dada, amesema nini?" Basi nikapewa chumba kidogo chenye meza, viti vitatu na taya la plastiki, kazi yangu ikiwa kueleza gharama.

Hii ndiyo sehemu mtakayonishukuru. Mtu akiuliza jino moja ni bei gani, usimtajie bei. Mwambie kwanza kwamba jino hilo si kitu kimoja. Kuna skrubu ya titani inayozama ndani ya mfupa. Kuna kiungo kinachokaa juu yake. Kuna jino lenyewe linaloonekana. Kila kimoja kina bei, na kliniki nyingine hutangaza bei ya skrubu peke yake kwa herufi kubwa, kama muuza nyumba anayetangaza bei ya msingi. Kuna picha za mionzi. Kuna mfupa: aliyekaa na pengo muda mrefu, mfupa wake umeliwa, na lazima uongezwe kabla ya lolote. Kuna meno ya muda ya kuvaa wakati wa kungoja. Kuna usafi wa kila mwaka mpaka mwisho wa maisha, kwa sababu skrubu haiozi lakini fizi inayoizunguka inaugua. Taifa linasaidia sehemu, lakini linahesabu kwa bei yake lenyewe, si kwa bei ya kliniki, na tofauti inabaki kwa mgonjwa. Mfundisheni aulize maneno haya: ikishindikana, nani analipa? Kliniki isiyotaka swali hilo imeshalijibu. Na yule anayetaka kwenda nchi ya mbali kwa bei nafuu, msimcheke. Mwambieni tu arudi na karatasi yenye jina la skrubu, maana nimeona watu waliorudi na meno mazuri ambayo, yalipolegea, Stockholm nzima haikuwa na bisibisi ya kuyaingia.

Nilidhani hapo nimemaliza gharama zote. Ndipo akaja Mzee Ogwang.

Alikuja na binti yake Auma, muuguzi katika hospitali kubwa ya Flemingsberg, aliyezaliwa hapa hapa. Mzee alikuwa mtu wa kabila la Lango, Mkristo, dereva wa basi mstaafu, amevaa koti zuri la sufu. Hakuwa na meno manne ya mbele ya juu. Alivaa meno ya kubandika ambayo yalimlegea, kwa hiyo alizungumza kwa kubana midomo, kama mtu aliyeshika pini. Nilimwambia, "Karibu mzee, habari za nyumbani?" Hakujibu. Akamgeukia binti yake, akasema kwa Kiingereza, "Mwambie mama huyu tuongee Kiswidi."

Tukaongea Kiswidi. Nikaeleza skrubu mbili zitakazobeba daraja la meno manne, nikaeleza mfupa, nikaeleza kungoja. Bei yote ilikaribia ya gari lililotumika ambalo bado linapita ukaguzi. Auma alikuwa ameshaamua kulipa. Alikuwa anaolewa na kijana wa Kiswidi, na baba yake alitaka kusimama harusini na kuhutubia bila kuficha mdomo. Auma alipotoka kwenda kupanga siku, mzee akabaki ameinamia taya langu la plastiki.

"Unatoka wapi?" akauliza kwa Kiingereza.

"Arua."

"Na Kiswahili?"

"Nimekulia kambini, Jinja. Baba alikuwa fundi wa magari ya jeshi."

Nilisikia mashine ya kuoshea vifaa chumba cha pili. Kisha akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Basi huenda alilitengeneza lori letu."

Akanieleza bila kupandisha sauti. Alikuwa kijana anayesomea ualimu, siku ambazo jeshi lilikuwa la watu wa kwetu Arua na kabila lake likiwindwa. Askari walisimamisha basi, wakawashusha watu wa kabila lake, wakawapakia kwenye lori. Askari mmoja alimjia na kitako cha bunduki. "Akaniambia, fungua mdomo. Maneno mawili tu. Nilikuwa sijui Kiswahili siku hizo, lakini hayo niliyaelewa. Nikafungua."

Kuomba radhi kwa niaba ya lori ni kazi ambayo sikuwahi kufundishwa. Na hayo maneno mawili mimi niliyasema kila siku, kwa kila mgonjwa wetu wa Afrika Mashariki, tena kwa furaha, nikidhani nawafariji kwa lugha ya nyumbani. Nikamwambia, "Mzee, nikikuudhi naweza kumwomba mwenzangu akuhudumie." Akavaa kofia yake. "Hapana," akasema. "Wewe unaeleza vizuri." Akaondoka.

Nilimweleza Daktari Annika. Tangu hapo, Mzee Ogwang alipolala kwenye kiti hatukumwambia afungue. Annika alimwonyesha kioo, akangoja. Alipofungua mwenyewe, tulianza.

Siku ya kuongeza mfupa nilimweleza, kama ninavyomweleza kila mtu, kwamba unga wa mfupa unaweza kutoka kwa ng'ombe au kwa nguruwe, achague. Wagonjwa Waislamu huuliza hilo kabla hawajaketi. Wakristo huwa wananishangaa. Yeye alifikiri kwa makini. "Wa ng'ombe," akasema. "Binti yangu anaolewa na watu wasiojua mahari. Angalau ng'ombe mmoja aingie katika familia hii." Annika aliuliza kwa nini nacheka chini ya barakoa, na ilinichukua muda kumtafsiria.

Mfupa ukakaa. Skrubu zikaingia. Kisha ikaja kungoja, miezi ya kungoja, ambayo ndiyo gharama wanayoisahau wagonjwa. Mfupa haukubali pesa ili uharakishe. Mzee alikuja kukaguliwa majira ya baridi, viatu vikiwa na theluji, na baada ya ukaguzi alizoea kukaa katika chumba changu akijaribu hotuba yake. Sasa tuliongea Kiswahili. Alikuwa anasumbuliwa na herufi f, ambayo bila meno ya juu ilimtoka kama upepo mtupu.

"Lugha yetu haina f," aliniambia. "Nilikopeshwa na Waingereza shuleni, askari wakaninyang'anya. Sasa namlipa Mswidi anirudishie."

"Na hotuba ina f nyingi?"

"Neno familia tu. Lakini limo kila mahali."

Siku ya kuchukua vipimo vya meno yenyewe, nilikuwa nimeandaa trei na ule ute wa buluu unaoganda haraka, ambao haungoji mtu. Annika alikuwa ananawa. Mzee akanishika mkono wa glavu. "Leo niambie," akasema.

"Nikuambie nini, mzee?"

"Unajua. Kwa Kiswahili. Maneno yale mawili, nataka niyasikie kwa mtu mwingine."

Nimesema maneno hayo maelfu ya mara. "Fungua mdomo, mzee wangu," nikasema. Alifumba macho, akafungua. Trei iliingia. Machozi yalimteremka masikioni, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imeshikilia trei sikuweza kuyafuta. Tulikaa hivyo mpaka ute ukaganda.

Meno yalikuja kutoka maabara wiki chache kabla ya harusi. Annika aliyageuza kwenye mwanga wa dirisha. Fundi alikuwa ameyatia umanjano kidogo na kuchakaa kidogo, kama meno ya mtu aliyeishi. Yalikuwa yafungwe Alhamisi. Jumanne Auma alipiga simu. Baba yake alikuwa ameanguka jikoni akisubiri chai ichemke, na moyo haukurudi.

Hapa, kama mnavyojua, maiti haizikwi upesi. Kwetu Waislamu tunahangaika kuharakisha. Wenzetu Wakristo hungoja wiki kadhaa mpaka kanisa, kaburi na ndugu wa mbali vipatane. Katika kungoja huko Auma alikuja kliniki. Aliketi kwenye kiti cha baba yake, akaongea Kiswidi kitulivu cha wodini. Alitaka kujua kama meno yanaweza kufungwa. Jeneza lingekuwa wazi kwa familia. Baba alikuwa ameyangoja muda wote huo. Kisha akauliza swali ambalo kazi yangu ilikuwa kulijibu: "Itagharimu kiasi gani?"

Nikafungua mdomo nikaona sina bei. Bima ya taifa hailipi jino la marehemu. Hilo nilijua bila kuuliza. Mengine sikujua. Nikamwita Annika. Alisikiliza amesimama, akasema, "Nilimwahidi meno. Tutakwenda Jumamosi, mimi na Zaitun," akaniashiria mimi, "kwa saa zetu wenyewe." Gharama ya maabara alisema ataibeba yeye.

Nilishafanya kazi katika vinywa vya watoto wanaouma, walevi, na bibi mmoja aliyelala usingizi katikati ya kung'olewa. Ya siku hiyo sikuyazoea. Nyumba ya maziko ilikuwa safi, yenye baridi, na mhudumu wake, kijana mpole, alitupa taa na kutusogezea meza ndogo. Niliipanga bisibisi ndogo na spana ya kupimia nguvu juu ya kitambaa kama nilivyofundishwa. Kabla Annika hajamgusa, nilimweleza mzee. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba sasa tunatoa vifuniko vya skrubu kwenye fizi, sasa tunaweka daraja, sasa tunakaza. Annika alingoja kila nilipomaliza. Hakuniuliza kwa nini. Meno yaliingia bila tatizo, yakakaa kana kwamba yalimea pale. Auma alisimama miguuni, akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Ni mzuri," akasema. "Ni mzuri kweli."

Mama yake alikuwa amekaa nje kwenye korido na mkoba magotini. Mama Auma ni mwanamke mfupi wa maneno machache. Waliishi Nairobi uhamishoni, yeye na mumewe, kabla ya kuja huku, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha sokoni na hakina woga. Tulimwita. Aliingia, akasogea, akainama. Akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Auma akamjibu kwa Kiswidi kwamba ni baba, kwamba ndivyo alivyotaka.

"Najua alitaka." Hakumtazama binti yake, alinitazama mimi. "Alitaka kwa ajili ya harusi, na ni vizuri. Angekuwa hai, dada, ningemzoea. Pole pole, kama nilivyoizoea theluji. Lakini sasa nitamzoea lini? Mimi nina leo tu."

Akamgeukia tena mumewe.

"Alipokuja kunichumbia alizungumza mkono ukiwa mdomoni. Akila, ananigeuzia mgongo. Watu waliniambia, huyo mtu hana furaha, hacheki. Nilimwambia, cheka nikuone. Miaka nilimwambia. Tulikuwa tumeshapata mtoto, akafa yule mtoto, tulikuwa tumeshalia pamoja, na bado mkono uko pale. Halafu siku moja nimemwaga unga wote chini, Nairobi huko, unga wa mwisho tulionao, yeye akacheka. Mdomo wazi. Akasahau mkono." Alimgusa mumewe juu ya mdomo kwa kidole kimoja. "Siku hiyo ndiyo aliyonioa. Kanisani tulikuwa tunajaribu tu. Nitolee haya, dada yangu. Nataka kumuaga yule niliyemtafuta."

Nilimtafsiria Annika, si yote. Annika alimtazama Auma. Auma alikuwa akilia sasa, uuguzi wote umemtoka, na alitikisa kichwa kukubali. Basi Annika akachukua bisibisi, nami nikaanza kumweleza mzee upya, kinyume: sasa tunalegeza, sasa tunaondoa, sasa tunarudisha vifuniko. Pengo likarudi. Mama Auma akasema, "Haya. Ndiye."

Akavuta kiti, akaketi karibu na kichwa cha mumewe, akaanza kumwambia mambo kwa Kilango. Sikielewi, lakini haikuwa sala. Ilikuwa sauti ya mtu anayesimulia nani amepiga simu, nani amekuja, nani ameleta chakula na nani hajaleta. Tulikusanya vifaa bila kugonganisha vyuma. Tuliuacha mlango wazi kidogo, kama tunavyofanya mgonjwa anapoamka baada ya kulazwa kwa dawa.

Kwenye korido Annika alitangulia kwenda kunawa. Auma alibaki ameshika kisanduku cha maabara, meno yakiwa ndani. Tangu nimfahamu hakuwahi kunisemesha ila kwa Kiswidi, na sasa alitafuta maneno ya Kiswahili kama mtu anayepapasa swichi ya taa gizani.

"Shangazi," akasema, "haya meno, mimi nifanye nini nayo?"

Nimekaa miaka mingi katika chumba chenye viti vitatu nikiwaambia watu meno yanataka nini kwao. Nikamwambia kweli: sijui, mwanangu. Nikamshika bega. Tukasimama pale, mama yake akiendelea kuongea ndani.